SOMO: Kutembea Mengo kwa miguu, Namirembe hadi Lubiri (soma lote kabla ya kuuliza)

Kila wiki swali ni lile lile: "Nina asubuhi moja tu Kampala, nitembee wapi bila kuchoka?" Jibu langu ni Mengo, mtaa wa ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, na leo nimeliandika lote mara moja. Njia ni kilomita tatu hivi, mbali na kuzunguka ndani ya Lubiri, yaani boma la ikulu. Saa tatu zinatosha kwa mtu asiye na haraka.

1. Chagua siku ya kazi. Bulange, makao ya serikali ya Buganda, ni ofisi, na Jumapili kwenye kanisa kuu la Namirembe kuna ibada.

2. Vaa viatu vilivyofungwa. Beba maji lita moja, noti ndogondogo za shilingi, na leso (kanga). Wanawake, sketi au gauni lililopita magoti litawaondolea maneno. Aliyevaa suruali ajifunge leso.

3. Saa mbili asubuhi panda boda hadi kileleni Namirembe, mpaka mlangoni mwa kanisa kuu. Mpe boda ule mlima, miguu yako ianze kwa kushuka.

4. Namirembe, dakika arobaini. Kanisa hili la matofali mekundu lilijengwa kati ya 1915 na 1919, baada ya lile lililotangulia kuungua kwa radi mwaka 1910. Makaburini tafuta la Askofu Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885, na la Albert Cook, daktari aliyeanzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897. Kisha simama uwanjani utazame mji: mnara wa msikiti wa Old Kampala, minara ya kanisa kuu la Rubaga, na ukuta wa Lubiri ng'ambo ya bonde. Ukishaiona ramani kwa macho hutapotea.

5. Teremka hadi Bulange. Ripoti mapokezi kwanza, uliza kama Lukiiko, bunge la Buganda, linakaa siku hiyo, lipia mwongozaji, ndipo utoe kamera. Jengo hili lilijengwa kati ya 1955 na 1958, enzi za Kabaka Mutesa II. Baada ya uvamizi wa 1966 (hatua ya 8) serikali ya Uganda ililichukua likawa makao ya jeshi, likiitwa Republic House. Ufalme, uliokuwa umefutwa, ulirudishwa mwaka 1993. Mwombe mwongozaji akueleze ukumbi wa Lukiiko taratibu, maana hapo ndipo pesa yako inapolipa.

6. Geuka uipe Bulange mgongo. Barabara iliyonyooka mbele yako ni Kabakanjagala, maana yake "Kabaka ananipenda". Ina urefu wa maili moja hivi, inashuka bondeni kisha inapanda hadi lango la Lubiri. Kandokando kuna miti na alama za koo 52 za Buganda. Nenda polepole, usome miziro, yaani wanyama na mimea ya mwiko ya kila ukoo: simba, kima, kamongo, uyoga. Utapita Butikkiro, makazi rasmi ya Katikkiro, waziri mkuu wa Buganda. Chungulia pia njia za pembeni: nyumba za zamani zenye baraza pana na paa la mabati, ua mkubwa, miembe. Watu wanaishi humo. Usipige picha uani mwa mtu bila kumsalimu na kumwomba.

7. RAUNDABAUTI. Hapa somani mara mbili, kwa kuwa niliwahi kuwapitisha wageni hapa vibaya na nikaaibika mbele ya wazee. Barabara ya Kabaka haipindi. Ndiyo maana katikati ya raundabauti kuna njia iliyonyooka yenye mageti, na mageti hayo hufunguliwa kwa Kabaka peke yake. Sisi wengine wote, waziri, balozi, mwenda kwa miguu, tunazunguka. Mnara wa hapo unaitwa Nnantawetwa, yule asiyepinda njia.
Onyo la kwanza: ukikuta geti liko wazi au hakuna mlinzi, usilichukue kuwa ruhusa. Zunguka.
La pili: usiegemee mageti wala usiyakalie kwa ajili ya picha. Pigia ukingoni.
La tatu: waambie wageni wako KABLA hamjafika, mkiwa bado Butikkiro. Mkishafika, kila mtu anaiona njia fupi iliyonyooka na miguu inakwenda yenyewe. Boda nazo hazitakusubiri uamue. Vuka barabara moja moja, watoto mkononi.

8. Lubiri. Langoni uliza moto wa Ggombolola: unawaka muda wote Kabaka yu hai, na huzimwa akifariki. Lipa, dai risiti, chukua mwongozaji. Ikulu ya Twekobe, iliyojengwa mwaka 1922, utaitazama kwa nje tu. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi lililoongozwa na Idi Amin, kwa amri ya Obote, mkuu wa serikali ya Uganda, liliivamia Lubiri. Mutesa II aliruka ukuta mvua ikinyesha, akapata takisi, akafia London mwaka 1969. Lubiri ikawa kambi ya jeshi. Ghala la silaha la chini ya ardhi lililojengwa humo likageuzwa mahali pa kutesea watu. Ni ujia mrefu wa zege wenye vyumba upande, na mvua ikinyesha hutuama maji. Zungumza kwa sauti ya chini humo. Watu walikufa mle.

9. Kurudi: stagi ya boda iko nje ya lango.

MASWALI

Kato wa Jinja: Naweza kuanzia Lubiri nimalizie Namirembe?
Jibu: Unaweza. Utamaliza kwa mlima, jua la saa sita kichwani. Hatua ya 3.

Mgeni Ndeeba: Kiingilio ni ngapi? Na nipe namba yako ya simu.
Jibu: Bei hubadilika, iko imeandikwa mlangoni. Namba sitoi.

Binti Kibuli: Shikamoo mwalimu. Kwa nini nyumba za Mengo zina ua mkubwa hivyo, wakati Kisenyi hapo chini tumebanana?
Jibu: Marahaba binti, swali zuri sana hili. Zamani mji mkuu wa Buganda ulihama na Kabaka. Mwanga alipokuja Mengo mwaka 1885, wakuu wake walipewa viwanja kuzunguka ikulu, kila mkuu wa saza (wilaya) upande unaoelekea saza lake, na uzio wa matete kuzunguka boma. Mkataba wa 1900 na Waingereza ukawapa wakuu ardhi ya mailo, mali ya kurithisha. Mtu mwenye hati hujenga kwa matofali, na matofali hayahami. Hivyo mji ukatulia hapo na ua ukabaki. Siku hizi warithi wanagawana na kuuza vipande, kwa hiyo nenda uzione nyumba hizo mapema. Apolo Kagwa, Katikkiro kwa miaka 37 hadi 1926, naye alijenga Mengo.

Ssalongo 2: Hilo la geti ni kutia watu hofu. Nimepita katikati, hakuna aliyenigusa.
Jibu: Sikuandika kwamba utapigwa. Nimeandika ni njia ya Kabaka. Mwenyeji asiponyanyua sauti haina maana hukumkosea.

Mama Wawili: Watoto wa miaka saba na kumi, niwashushe kwenye ghala?
Jibu: Wa miaka saba abaki juu, nyasi zipo na nafasi ya kukimbia. Wa kumi mweleze kwanza mkiwa nje, kisha aamue. Mwambie mwongozaji mapema, atachagua maneno.

Kato wa Jinja: Na makaburi ya Kasubi je?
Jibu: Siku nyingine. Ukilazimika, chukua boda ukitoka Bulange. Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kuu ya makaburi ya Makabaka, iliungua tarehe 16 Machi 2010 na imejengwa upya. UNESCO iliiondoa kwenye orodha ya hatari mwaka 2023. Leso ni lazima kule, na viatu vinavuliwa.

Binti Kibuli: Kuna rolex nzuri njiani, yaani chapati ya kuviringisha na mayai?
Jibu: Zipo. Kula KABLA ya kupanda Namirembe, mayai mawili na chapati moja, si zaidi.

Mama Wawili: Nami naongeza: mwambie muuzaji akatie nyanya mbele yako na akaange upya. Zilizokwisha viringishwa huwa zimepoa tangu alfajiri.