Somo: Kupima kama statini huzuia bakteria kupenya tabaka la seli za utumbo

Statini tumezizoea kama dawa za kushusha kolesteroli. Huziba HMG-CoA reductase, kimeng'enya kilicho kwenye njia ya kutengeneza kolesteroli, lakini njia hiyohiyo hutengeneza pia mikia ya mafuta inayozishikiza protini za Rho na Rac kwenye utando wa seli. Protini hizo ndizo hupanga nyuzi za aktini, kiunzi cha seli. Aktini hubana viungio kati ya seli na seli, na bakteria wengi huichezea ili seli iwameze. Basi dawa yaweza kufunga mlango, yaweza pia kuulegeza.

Hatua ya 1. Otesha seli za Caco-2, seli za saratani ya utumbo mpana wa binadamu, kwenye vikombe vyenye chujio kwa siku 21. Chagua matundu ya mikromita 3. Ukinunua ya 0.4, bakteria watakwama kwenye plastiki, nawe utasifia dawa bure.

Hatua ya 2. Simvastatini ya unga imelala, yaani haifanyi kazi bado. Ifungue pete ya molekuli yake kwa sodiamu haidroksaidi, kisha irudishe pH karibu na 7. Weka mikromola 1 hadi 10 kwa saa 24. Andaa makundi matatu: kiyeyushi kitupu, dawa, na dawa pamoja na mevaloneti.

Hatua ya 3. Pima ukinzani wa umeme kabla na baada ya dawa. Kikombe kikisoma omu 450, na kikombe kisicho na seli omu 120, toa upate 330; zidisha kwa eneo, sentimita za mraba 1.12, upate kama 370. Kikombe kilichoshuka sana kabla hujaweka chochote, kitupe. Usikionee huruma.

Hatua ya 4. Osha antibayotiki yote, juu na chini, mara tatu. Mimi niliwahi kusahau upande wa chini. Sahani zikatoka safi kabisa, nikashangilia wiki nzima kabla ya kugundua kwamba penisilini ndiyo iliyofanya kazi.

Hatua ya 5. Weka juu E. koli ya maabara isiyo na madhara. Chukua maji ya chini baada ya saa 1, 2 na 4, yapunguze makali, yapake kwenye sahani, uhesabu makoloni kesho yake.

Pembeni, weka bakteria na dawa bila seli, maana simvastatini nyingi huweza kuzuia baadhi ya bakteria kukua. Pima pia vifo vya seli.

MASWALI

Neema: Mwalimu, mevaloneti ya nini?
Jibu: Ni zao la kimeng'enya kile kilichozibwa; inarudisha kile dawa ilichokata. Ukiiongeza na bakteria wakapita kama kawaida, tatizo lilikuwa kwenye njia ile. Isiporudisha kitu, shuku sumu. Ukitaka kujua kama ni kolesteroli au ni mikia, jaribu jeranilijeranili pirofosfeti peke yake: hurudisha mikia ya Rho na Rac, si kolesteroli.

Juma: Ukinzani umepanda lakini bakteria wamepita zaidi. Nimekosea?
Jibu: Si lazima, kaka. Ukinzani hupima mapengo kati ya seli. Bakteria waweza kupita ndani ya seli yenyewe. Ongeza jentamaisini juu, antibayotiki inayoua bakteria walio nje ya seli, kisha pasua seli uhesabu walioingia.

Salma: Baba yangu anameza atorvastatini. Anakingwa na maambukizi?
Jibu: Dada, usiyachukulie hivyo. Dozi ya maabara huwa juu sana kuliko iliyomo kwenye damu ya mgonjwa. Jaribio la SAILS la Marekani, lililochapishwa 2014, liliwapa rosuvastatini wagonjwa wa mapafu yaliyoharibiwa na sepsisi, yaani mwili kujidhuru ukipambana na maambukizi. Lilisimamishwa likiwa na watu 745 kwa kuwa dawa haikupunguza vifo. Baba aendelee nayo kwa ajili ya moyo, kama daktari alivyosema.

Juma: Na seramu (maji ya damu) kwenye chakula cha seli je, niiache asilimia 10?
Jibu: Ipunguze wakati wa dawa, maana seramu inabeba kolesteroli yake, na seli zitaifyonza hiyo. Ila makundi yote matatu yapate kiasi kilekile.