Mwanao Amepatikana, na Waandishi wa Habari Wako Mlangoni: La Kufanya

Mtoto aliyepotea miaka mingi anaporejea, fungeni mlango kwanza. Siku mbili tatu za mwanzo ziwe za mzazi na mwanawe peke yao, wale sahani moja, hata kama mtoto anashika tonge na kulirudisha bila kusema neno. Kipimo cha DNA kikihitajika, matokeo yasomwe faraghani kabla ya mgeni yeyote kuyaona.

Mteueni ndugu mmoja tu, shangazi au mjomba anayeweza kuuzuia ulimi wake, apokee simu zote na kutoka nje na taarifa fupi iliyoandikwa. Nchini Kenya, Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inampa kila mtoto haki ya faragha, kwa hiyo mnapokataa picha yake hamumkosei mtu adabu. Msikubali kamwe kurudia kukumbatiana kwa ajili ya kamera; mimi naliona hilo kuwa dhuluma. Ikiwa kesi iko polisi au mahakamani, msieleze jinsi alivyopotea.

Aliyekwisha kuwa mtu mzima aamue mwenyewe, na waliomlea wasitajwe bila idhini yao, kwani huenda naye bado anawaita baba na mama.