Ripoti ya robo mwaka: anza na daftari la mahudhurio

Mwaka wangu wa kwanza kwenye kitengo cha ufuatiliaji na tathmini nilisimama mbele ya bodi na takwimu niliyojivunia: klabu zetu za kusoma zimefikia watoto 1,240. Mjumbe mmoja, mwalimu mstaafu, akavua miwani. "Binti, hivyo ni vichwa au ni mahudhurio?" Yalikuwa mahudhurio. Mtoto aliyekuja Jumamosi kumi na mbili tulimhesabu mara kumi na mbili. Tuliporudi kwenye madaftari tukapata watoto 163.

Kwa hiyo wewe unayeanza kazi hii kwenye shirika la watoto, usifungue Ekseli kwanza. Chukua karatasi, uandike kila kiashiria, yaani kila namba unayoripoti, kinahesabu nini: nani, wa umri gani, katika kipindi gani, nani anaandika, na ushahidi unakaa kabati lipi. Kwa Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, lakini mfadhili wako anaweza kutaka wa miaka 7 hadi 13 peke yao. Neno "amefikiwa" ndilo lenye mitego kuliko yote. Sisi tulikubaliana kwamba aliyefikiwa ni aliyehudhuria vipindi sita au zaidi katika robo. Maafisa mradi walinuna, maana namba zao zilishuka. Waache wanune.

Halafu kila mtoto apewe namba yake. Jina halitoshi. Nimewahi kukuta Zuhura, Zuhra na Zahra kwenye madaftari matatu ya kijiji kimoja, na ni mtoto yuleyule. Kila mtu wa kujitolea aliandika alivyosikia. Kijiji cha jirani, akina Rehema Juma walikuwa wanne, kila mmoja na mama yake. Siku ya kuandikisha uliza jina la mama, kitongoji na mwaka wa kuzaliwa, kisha mpe kadi yenye namba. Kadi zitapotea, lakini namba itabaki kwenye daftari.

Kalenda nazo zitakuchanganya. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, wa mfadhili wetu Januari. Robo ya Aprili hadi Juni inaangukia masika na likizo ya Juni, kwa hiyo mahudhurio lazima yashuke. Linganisha na robo kama hiyo ya mwaka jana, la sivyo kila Julai utakuwa unaeleza janga ambalo halipo.

Sasa rangi za kuonyesha kila kiashiria kimekaribia lengo kiasi gani. Bodi nyingi zinapenda kijani, njano na nyekundu, na kila afisa mradi anapenda kijani. Mipaka iwekwe kabla mwaka haujaanza, na ikishawekwa isiguswe. Kwetu, kuanzia asilimia 90 ya lengo ni kijani, kuanzia 70 ni njano, chini ya hapo nyekundu. Ukiletewa asilimia 68 pamoja na ombi la kuifanya njano, mkumbushe utepe wa kupimia mkono wa mtoto kliniki, ule wa kugundua utapiamlo. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, na hakuna muuguzi anayeivuta 11.3 iwe njano kwa sababu mama amebembeleza.

Kabla hujaandika sababu ya nyekundu, piga simu. Klabu moja ya Kilosa ilipoteza nusu ya watoto, na taarifa iliyonifikia ilisema "mwitikio mdogo wa jamii". (Maneno hayo yakitokea kwenye ripoti yoyote, jua hakuna aliyeuliza.) Nikampigia mama anayeendesha klabu. "Dada, daraja limekwenda na maji. Wa ng'ambo wanavukaje?" Ripoti ikaandikwa hivyo: daraja, watoto 31 wa ng'ambo, na ombi kwamba bodi iidhinishe klabu ya muda upande wa pili hadi mvua zikatike. Iliidhinishwa kikao hichohicho. Ripoti isiyoomba uamuzi huishia kwenye "tunawashukuru kwa taarifa nzuri", kisha chai.

Ya bodi isizidi kurasa mbili. Majedwali mengine yawe viambatisho.

Tukio la ukatili halisubiri robo iishe. Linakwenda kwa afisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo, na simu 116 ni ya bure. Kwenye ripoti, usitoe idadi ya matukio kwa kijiji: ukiandika "tukio 1" na jina la kijiji, wanakijiji wote wameshajua ni mtoto wa nani. Toa kwa wilaya, na kama bado ni machache, toa kwa mkoa.

Mwisho, kagua. Kabla sijatuma chochote huchagua watoto kumi kwa kubahatisha, nikapanda bodaboda kwenda kuwatafuta kwenye madaftari yenyewe. Safari moja nilikuta Jumamosi iliyopendeza sana: watoto 28, alama za vema 28, wino mmoja, mwandiko umenyooka. Nikahesabu tarehe kwa vidole. Ilikuwa sikukuu ya Idi.