Kutibu hofu ya mahali pa juu kwa miwani ya uhalisia pepe: hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa wanasaikolojia na washauri nasaha wanaoijua tayari tiba ya kukabili hofu (mteja hukutanishwa hatua kwa hatua na anachokiogopa) na wanataka kuifanya kwa miwani ya uhalisia pepe (VR), inayomwonyesha mvaaji mahali palipochorwa na kompyuta kana kwamba yumo ndani yake. Mfano wetu ni hofu ya mahali pa juu, miongoni mwa hofu za mwanzo kabisa kujaribiwa kwa njia hii: mwaka 1995 Barbara Rothbaum, Larry Hodges na wenzao wa Atlanta, Marekani, walichapisha matokeo ya watu waliopandishwa roshani, madaraja na lifti ya kioo vilivyochorwa na kompyuta. Picha za siku hizi zimezipita zile kwa mbali, ila kazi ni ileile. Mteja hutibiwa na anachojifunza akiwa ukingoni; miwani inakupa ukingo tu, tena ukingo unaoweza kuurudia mara tano ndani ya saa moja.

Hatua ya 1: Mchujo

Hakikisha ni fobia kweli: hofu imedumu miezi 6 au zaidi, inamfanya akwepe mambo na inamvurugia kazi au maisha. Kisha uliza mwenyewe, usimwachie fomu: ana kifafa, hasa kile kinachochochewa na mwanga unaomweka? Kizunguzungu cha ugonjwa wa sikio la ndani? Jeraha la kichwa la karibuni, saikosisi (ugonjwa wa akili unaomtenga mtu na uhalisia), ugonjwa wa moyo, ujauzito? Akikubali lolote, wasiliana na daktari wake kabla ya kuendelea. Mwenye ugonjwa wa sikio huweza kuja akilalamika kwamba anaogopa mahali pa juu, kumbe akisimama juu huyumba kweli. Huyo aanzie kwa daktari wa masikio.

Uliza pia kuhusu dawa za kutuliza wasiwasi, hasa za kundi la benzodiazepini. Akimeza kidonge kabla ya kikao, sifa zote zitakwenda kwa kidonge na somo litapotea. Usimwachishe wewe, zungumza na daktari aliyemwandikia.

Kama hofu ni ya damu au sindano, utaratibu hubadilika, kwa sababu shinikizo la damu hupanda kisha huporomoka na mtu akazimia. Mfundishe kwanza mbinu ya mwanasaikolojia wa Sweden, Lars-Göran Öst, ya kukaza misuli: akaze mikono, kifua na miguu kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka uso upate joto, aachie kwa sekunde 20 hadi 30 bila kulegea kabisa, arudie mara 5. Miwani aivae akiwa ameketi kwenye kiti imara chenye mikono, kisicho na magurudumu.

Hatua ya 2: Chumba na kifaa

Unahitaji nafasi tupu ya mita 2 kwa 2, sakafu isiyo na waya, na tableti inayoonyesha anachokiona mteja. Funga pazia. Jua likipita kwenye lenzi kwa dakika chache tu huunguza skrini ya ndani, na doa hilo halitoki.

Pima umbali kati ya mboni zake mbili kwa rula, kisha sogeza lenzi zilingane nao. Kwa watu wazima wastani ni milimita 63 hivi. Ukikosea, picha inakuwa na ukungu, kichwa kinauma, na jicho linakadiria umbali vibaya.

Kagua sakafu kila kikao. Laza rimoti ya miwani chini, vaa miwani, uitazame: rimoti ya kwenye picha iwe imelala sakafuni, isielee wala isizame. Sakafu ikikosewa kwa sentimita 20, mteja hujiona anaelea na hofu haiji, ama inakuja pamoja na kichefuchefu.

Programu isishuke chini ya fremu 72 kwa sekunde, na mteja asogee kwa miguu yake mwenyewe. Picha inayotembea huku mwili umesimama huvuruga tumbo.

Kama mandhari yana ubao wa kutembelea juu ya shimo, weka ubao halisi sakafuni: unene wa sentimita 3, upana wa 30, urefu wa mita 2. Unyayo ukihisi kingo, mwili wote huamini. Lakini ubao wa chumbani na wa kwenye picha vipishane hata sentimita chache, imani hiyo huvunjika papo hapo. Ubandike usiteleze.

Hatua ya 3: Andika utabiri

Hatua hii huchukua dakika 10, na ndiyo wengi huiruka. Orodha ya hofu ya kuanzia 0 (hakuna hofu) hadi 100 (hofu kubwa kabisa) itengeneze kama kawaida (roshani ya ghorofa ya 1, ya 3, ya 10, ya 20, lifti ya kioo, ubao), lakini kwa kila zoezi mteja aandike pia jambo analotarajia litokee, kwa namna inayoweza kuthibitishwa au kukanushwa. “Nitaogopa sana” haifai, maana kuogopa ataogopa. Mbane kidogo:

“Ukifika ukingoni, nini kitatokea?”
“Magoti yatalegea.”
“Halafu?”
“Nitaanguka.”
“Baada ya muda gani?”
“Nusu dakika, haizidi.”
“Una uhakika kiasi gani?”
“Asilimia 80.”

Hapo umepata zoezi: asimame ukingoni dakika 3, mara sita ya muda anaoamini anaweza kuhimili.

Hatua ya 4: Zoezi lenyewe

Mwambie aanze kwa dakika 2 au 3 kwenye mandhari tulivu ili azoee kifaa. Kisha mpeleke ukingoni. Simama umbali wa mkono mmoja, usimguse bila kumwambia, na uongee kidogo. Kila dakika 2 uliza namba ya hofu, basi. Maneno mengi ya kutia moyo humrudisha chumbani.

Usimpe mazoezi ya kupumua wala kujituliza wakati huu. Akitoka salama atasema ni pumzi iliyomwokoa, na utabiri wake utabaki mzima.

Tazama anavyojihami. Kuna anayeangalia upeo wa macho tu, anayekunja magoti, anayenyoosha mkono kutafuta ukuta, anayejisemea “hii ni katuni”. Tableti itakuonyesha kichwa kimeelekea wapi, lakini haiwezi kukuonyesha kama macho yamefumbwa. Kwa hiyo muulize: “Chini kabisa kuna nini? Magari mangapi?” Asipoweza kuyahesabu, hakutazama. Mazoezi ya namna hiyo yakirundikana, namba za hofu hushuka vizuri kwenye karatasi, na mtu bado hapandi ngazi.

Zoezi limalizike utabiri ukishapimwa, hata kama hofu bado ni 60. Avue miwani, mrudie maneno yake: ulisema nini kingetokea, kimetokea nini, sasa una uhakika kiasi gani? Andika asilimia mpya pembeni ya ile ya zamani. Kisha rudieni, na ubadilishe kitu: jengo jingine, usiku, upepo wa feni, wewe ukiwa upande wa pili wa chumba. Hofu iliyozoeshwa roshani moja hurudi kwenye roshani nyingine.

Kikao cha kwanza kisizidi dakika 15 ndani ya miwani kwa jumla. Baadaye unaweza kufika 30, kwa mapumziko.

Kichefuchefu na hofu vitenganishe

Vyote viwili hutoa jasho na weupe wa uso, na ukivichanganya utafanya kinyume cha kinachotakiwa. Hofu hufuata ukingo na hushuka haraka miwani ikivuliwa. Kichefuchefu hufuata mizunguko ya kichwa, huja na miayo, kubeua na mate mengi, na hubaki baada ya kuvua. Ikiwa ni hofu, endelea. Ikiwa ni kichefuchefu, acha mara moja; kuvumilia hakumsaidii, na atakachojifunza ni kuogopa miwani. Mtu aliyechefuka asiendeshe gari mpaka hali iwe imetulia kabisa.

Hofu isipopanda

Namba ikibaki 10 kwenye ghorofa ya 20, kagua sakafu, lenzi na sauti, kisha tafuta kujihami kulikofichika. Ukishamaliza hayo na bado hakuna kitu, usimlazimishe. Wapo watu ambao picha haiwashiki. Hao wapeleke kwenye mazingira halisi moja kwa moja.

Hatua ya 5: Toka nje

Zoezi lolote la orodha lililopita vizuri kwenye miwani, mteja alifanye mahali halisi ndani ya wiki hiyohiyo, akiwa na karatasi ileile ya utabiri. Mara ya kwanza nenda naye. Ya pili aende peke yake, simu ikiwa mfukoni na asikupigie. Usisubiri amalize orodha nzima ndipo umtoe, kwa sababu wako wanaokuwa hodari wa ghorofa ya 20 ya kompyuta na bado wanakwepa ngazi za nje. Muone tena baada ya mwezi 1 na miezi 3. Ikiwa hofu imerudi kidogo, anzia kwenye roshani halisi, na miwani uitoe tu kwa kile kisichopatikana kirahisi, kama lifti ya kioo au daraja refu.