Jinsi ya Kuzizuru Nyumba za Ibada za George Town kwa Adabu

Waingereza walipoufungua mji wa George Town kuwa bandari ya biashara mwaka 1786, katika kisiwa cha Penang ambacho leo ni sehemu ya Malaysia, Wachina, Watamil, Wamalay na Waarabu waliotia nanga pale walijenga nyumba zao za ibada jirani kwa jirani. Kwa hiyo dini nne zinaweza kuzuriwa kwa miguu katika asubuhi moja, mradi mgeni ajue kwamba kila nyumba ina hodi yake.

Anzia Kanisa la Mtakatifu George la Waanglikana, lililokamilika mwaka 1818, kisha uifuate barabara ya Jalan Masjid Kapitan Keling kuelekea kusini. Katika hekalu la Kuan Yin, mungu wa kike wa huruma, hulazimiki kuvua viatu, lakini ruka kizingiti bila kukikanyaga, wala usikatize mbele ya mtu anayeomba huku ameshika vijiti vya udi.

Hekalu la Kihindu la Sri Mahamariamman, la mwaka 1833, lizuru kabla ya adhuhuri, kwa kuwa mahekalu ya Kihindu kwa kawaida hufungwa mchana. Viatu hubaki nje, chumba cha ndani kabisa ni cha makuhani peke yao, na ukipewa ua au jivu takatifu, lipokee kwa mkono wa kulia.

Msikiti wa Kapitan Keling, ulioasisiwa na Waislamu wa Kihindi mwanzoni mwa karne ya 19, huwapokea wasio Waislamu nje ya nyakati za swala. Ikiwa ni Ijumaa, usiende mchana. Wanawake wajitande, na wanaume wasivae kaptura. Kwa maoni yangu, msomaji wa pwani yetu asiondoke kabla ya kufika Msikiti wa Lebuh Acheh wa mwaka 1808, kwani mwanzilishi wake, Syed Hussain Al-Aidid, alikuwa tajiri wa asili ya Hadhramaut, nchini Yemen, aliyetokea Aceh, kaskazini mwa kisiwa cha Sumatra, na Wahadhrami hao hao ndio waliolowea Lamu, Mombasa na Unguja.

Kupiga picha, omba ruhusa kwanza, na wakati wa ibada usipige kabisa. Ukiwaalika wenyeji wa dini mbalimbali chakula cha mchana, chagua mkahawa usiopika nyama, ambako Mhindu hatahofia ng'ombe wala Mwislamu nguruwe, ila uulize mapema kama mapishi yake hayatiwi pombe.