Kueleza mazoea ya mtu kwa Kiingereza

Kiswahili kina wepesi wake: ukisema "Juma huchelewa", kiambishi "hu-" kimekwisha kueleza mazoea hayo bila kukulazimisha uonyeshe kama yanakuudhi. Kiingereza kina njia kadhaa za kueleza mazoea, kila moja na ladha yake, na wengi wetu hukwama kwenye neno "kupenda". Tunaposema "Juma anapenda kuchelewa" hatuna maana kwamba anaona raha kuchelewa, lakini anayesikia "Juma likes to be late" huelewa hivyo hasa, kana kwamba Juma huchelewa kwa makusudi.

Kwa mazoea yasiyobeba lawama, tumia "tends to" pamoja na kitenzi katika umbo lake la msingi: "Juma tends to be late". Ni lugha ya upole, inayofaa hata katika tathmini ya mfanyakazi. "Is prone to" ni kali zaidi, kwa kuwa huandamana na jambo lisilotakiwa, kama maumivu ya kichwa au kutia chumvi. Ukisema mtu ni "prone to generosity", utadhaniwa unamkejeli. "Is inclined to" huegemea zaidi fikra na hiari, kwa hiyo "I am inclined to believe her" ni sawa na kusema "naelekea kumwamini".

Linganisha sasa sentensi hizi mbili: "He always borrows my pen" na "He is always borrowing my pen". Ya kwanza ni taarifa tu. Ya pili, kwa sababu ya ile "-ing", mara nyingi ni lalamiko, na kwa Kiswahili tungesema "kila mara yeye na kalamu yangu!" Ukimwandikia mkubwa wako kazini, ni salama zaidi kutumia ya kwanza.

Mtego mkubwa kuliko yote ni "used to". "I used to wake up early" maana yake ni "zamani nilikuwa nikiamka mapema", na kwa kawaida msikilizaji huelewa kwamba siku hizi huamki hivyo. "I am used to waking up early" ni "nimezoea kuamka mapema". Wengi huandika "I use to wake up early" wakikusudia "mimi huamka mapema", ilhali Kiingereza sanifu hapo husema "I usually wake up early". Mwombaji kazi anayeandika "I used to come to work on time" akidhani anajisifu, amemwarifu mwajiri kwamba siku hizi anachelewa.