Jinsi ya kuufanya mvuke utone haraka kwa bamba la alumini

Mimi ni fundi wa maabara katika shule ya upili huku Eastlands, Nairobi. Mitihani ya vitendo ya kemia ikikaribia, mzigo wangu mkubwa ni maji yaliyokenekwa, yaani maji safi yanayopatikana kwa kuyachemsha, kisha kuupoza mvuke wake urudi kuwa maji. Watu wakiona mtambo wao unatoa maji polepole hukimbilia kununua bomba refu zaidi. Ushauri wangu ni kwamba waukague kwanza uso ambao mvuke unaugusa.

Kilo moja ya mvuke ikirudi kuwa maji huachia kilojuli 2,257 hivi za joto, nalo joto hilo sharti lipenye bamba la alumini ambalo mvuke unaligusa, lifike kwenye maji baridi upande wa pili. Alumini hulipitisha bila shida. Kinacholizuia ni utando wa maji unaojitandaza juu ya alumini: utando wa milimita 0.1 tu huzuia joto kama bamba la alumini lenye unene wa zaidi ya sentimita 3. Mnamo 1930, mtafiti Ernst Schmidt na wenzake huko Ujerumani walionyesha kwamba mvuke ukitua kwa matone, joto hupita kwa kasi zaidi, na vitabu kwa kawaida hutaja mara 5 hadi 10. Tone likiteleza huacha nyuma yake alumini tupu, na mvuke mpya hutua hapo hapo.

Basi lengo letu ni kuifanya alumini ikatae maji, ili mvuke utue kwa matone. Kabla hujashika msasa, tafuta jani la nduma. Lidondoshee maji uone yanavyojiviringa na kukimbia. Kisha sugua sehemu moja kwa nguvu kwa kidole na udondoshe tena: hapo maji yatanata. Jani lina vinundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na juu yake kuna nta. Ukiviharibu, kazi imekwisha. Mtafiti Robert Wenzel alilieleza jambo hili mwaka 1936: mikwaruzo huikuza tabia ambayo uso tayari unayo. Uso unaokataa maji, ukikwaruzwa, huyakataa zaidi. Uso unaoyapenda huyanywa. Kwa hiyo anayekwaruza alumini tupu akakomea hapo anautengenezea utando makao mazuri. Ukwaruzaji na upakaji wa kitu kinachokataa maji ni kazi moja, na nasisitiza hili kwa sababu ndipo wengi wanapokwama.

Sasa kazi yenyewe. Kata vipande viwili vya ukubwa sawa kutoka bamba moja la alumini. Mafundi wa mabati wa Kamukunji, hapa Nairobi, watakukatia ukiwapa vipimo. Kimoja utakitengeneza, kingine utakiacha kilivyo ili uwe na cha kulinganishia. Bila hicho cha pili utabaki kukisia tu.

Kile cha kutengenezwa kipige msasa laini kuelekea upande mmoja, juu kwenda chini, kwa kuwa huko ndiko matone yatakakoteleza. Kioshe kwa sabuni ya vyombo, ukisuuze kwa maji yaliyokenekwa, na usikishike tena kwa vidole. Maji yakitandaa kote bila kuacha mapengo, mafuta yameisha.

Kisha kichemshe ndani ya maji yaliyokenekwa kwa nusu saa. Maji ya mfereji au ya kisima hayafai, maana silika iliyomo (madini yaleyale ya mchanga) huzuia mabadiliko tunayoyataka. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwa nyuzi 94 au 95, na joto hilo linatosha. Utaona mapovu madogo yakitoka kwenye alumini yenyewe: hiyo ni hidrojeni, basi fungua madirisha. Mng'ao hufifia, na uso hujaa vipeo vidogo vya boemaiti, madini ya alumini na maji. Hapa maji yatatandaa kuliko hata mwanzo. Usishtuke, ndivyo inavyopaswa kuwa.

Kikaushe kabisa. Yeyusha gramu 1 au 2 za asidi ya steariki, ile wanayotumia watengeneza mishumaa, katika lita moja ya ethanoli, ile alkoholi ya maabara, ukiloweke kipande usiku kucha ndani ya chombo chenye kifuniko. Ethanoli hushika moto upesi, kwa hiyo jiko lolote liwe mbali. Asubuhi kisuuze kwa ethanoli safi na ukianike. Maji sasa yatajiviringa juu yake kama yale ya jani la nduma.

Ukikifunga kwenye mtambo, kisimame wima. Mvuke uingie juu, na chini uache tundu la hewa, kwa kuwa hewa ni nzito kuliko mvuke na hukusanyika huko. Acha mvuke utoke kwa tundu hilo dakika kadhaa kabla ya kuanza kupima. Mtafiti Donald Othmer aliona mwaka 1929 kwamba hewa ya nusu asilimia tu katika mvuke hupunguza upitishaji joto kwa nusu hivi, kwa hiyo hata uso mzuri kiasi gani hautakuokoa ukiiacha hewa ndani. Tundu lisizibwe kamwe: mtambo usio na pa kupumulia unaweza kupasuka.

Jingine ni kutotumia barafu. Nyuma ya bamba ukipoza kupita kiasi, maji huzaliwa ndani ya vishimo vya boemaiti haraka kuliko yanavyoweza kutoka, na uso wote huloa. Maji ya bomba yanayopita taratibu yanatosha. Pima maji ya kila kipande kwa mizani ya jikoni, kwa muda uleule na moto uleule.

Asiye na kemikali ana njia nyingine: mikunjo midogo ya wima, mfano wa mabati lakini yenye upana wa milimita chache. Mvutano wa uso wa maji huyavuta kutoka kwenye matuta hadi mabondeni, na matuta hubaki na utando mwembamba. Mtafiti Gregorig aliandika kuhusu hili mwaka 1954. Njia hii haifikii kasi ya matone, lakini haichakai.

Kwa maana asidi ya steariki huchakaa. Mvuke huiondoa kidogokidogo, na dalili ni mabaka yanayotandaza maji. Ukiyaona, osha kwa ethanoli, kausha, loweka upya. Kuchemsha tena si lazima mradi uso haujarudisha mng'ao. Maji ya kwanza baada ya kuloweka yamwage, kisha anza kujaza chupa.